Watoto wa Kituo cha Chama na Elimu ya Wanyama

(Maelezo ya mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Katika mkutano mkuu wa chama kimoja cha msingi cha wakulima wa pamba, upande wa mashariki ya Ziwa Viktoria, lililetwa ombi la mlezi wa kituo cha watoto. Mlezi huyo aliomba chama kitenge fedha ili watoto 40 wa chekechea wapelekwe Mwanza, wavuke maji hadi kisiwa cha Saanane, wakawaone wanyama. Kabla Mwenyekiti hajafungua majadiliano, mwanachama mmoja mzee alisimama. Msimu uliotangulia shamba lake la mahindi lilikuwa limeliwa na tembo usiku mmoja. Aliuliza maswali mawili tu. "Je, fedha ya pamba yetu iende kumfundisha mtoto kumpenda tembo aliyenilia shamba? Na mtoto wa miaka 5 atajifunza nini huko, zaidi ya kushangaa?"

Wajumbe walicheka, lakini maswali hayo hayakuwa ya mzaha. Yanastahili kujibiwa na kila chama chenye kituo cha kulelea watoto, kwa sababu fedha ya chama ni jasho la wanachama, na mtoto ni amana ya wazazi wake. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza jinsi mafunzo ya wanyama yanavyoweza kupangwa katika kituo cha chama, yakamfaa mtoto, yasimpe mwanachama hasara wala huzuni.

Kwa nini chama kijishughulishe na chekechea

Ushirika na elimu ni ndugu wa tumbo moja. Wanaushirika wa mji wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka lao mwaka 1844, baadaye walitenga asilimia mbili na nusu ya ziada yao kwa ajili ya elimu. Katika misingi 7 ya ushirika iliyokubaliwa na vyama vya ushirika vya dunia mwaka 1995, msingi wa 5 unahusu elimu, na wa 7 unahusu kuijali jamii. Kituo cha watoto kimo ndani ya misingi hiyo yote miwili.

Ipo sababu nyingine iliyo karibu zaidi. Wakati wa kuchuma pamba, mama yuko shambani tangu alfajiri. Mtoto mdogo asipokuwa na pa kukaa, dada yake huachishwa shule ili amlee. Kwa hiyo kituo kimoja kikiendeshwa vizuri huwasaidia watu watatu: mama, mtoto mdogo, na dada mwenye daftari mkononi.

Hapana budi pia kukumbuka ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa ulitokana na nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kujikusanya kwa sababu ya mizani. Mkulima alileta pamba yake, akaambiwa uzito, akapokea alichopewa, wala hakuwa na njia ya kujua kama ameambiwa kweli. Wakulima wakaweka watu wao wa kuitazama mizani. Kutokana na juhudi hizo, zilizoongozwa na Paul Bomani, vyama vikaongezeka hata shirikisho lao likaundwa mwaka 1955. Chanzo chake kilikuwa watu walioamua kutazama kwa macho yao wenyewe na kusema walichokiona. Kutazama, kuhesabu, kulinganisha na kusema ukweli ndiyo mambo hasa ambayo mtoto wa miaka 4 au 5 hujifunza anapofundishwa habari za wanyama ipasavyo. Hilo ni jibu la kwanza kwa mzee yule.

Kuanzia kwenye kinachojulikana

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuanzia mbali. Mlezi hubandika picha ya simba ukutani, watoto wakaimba "simba, simba," kisha siku ikaisha. Mtoto huyo hajaona simba, wala hajaulizwa chochote juu ya mbuzi aliyemwacha amefungwa nyumbani kwao. Mtu hujifunza kutoka kwenye kinachojulikana kwenda kwenye kisichojulikana, na mtoto wa mkulima anajua mengi kuliko anavyodhaniwa. Anajua kuku hunywaje maji. Anajua mbwa huinamisha masikio akiogopa. Mlezi aanzie hapo.

Lugha nayo iwe ile inayojulikana. Mtoto anayezungumza Kisukuma au Kijita nyumbani aachwe ataje mnyama kwa lugha ya mama yake kwanza, kisha apewe jina la Kiswahili. Akikatazwa lugha yake hunyamaza, na mtoto aliyenyamaza hafundishiki.

Katika vijiji vya mawe vya mkoa wa Mwanza yuko mwalimu asiyedai mshahara, naye ni pimbi. Asubuhi jua linapopanda, pimbi hutoka katika nyufa za miamba wakaota jua. Mmoja hukaa macho, na akiona hatari hupiga kelele, wote wakakimbilia ndani. Nyayo zake ni laini na zenye unyevu, ndiyo maana hapotezi mshiko juu ya jiwe lililosimama wima. Mguu wake wa mbele una vidole 4, na wa nyuma una 3. Ajabu kubwa zaidi ni kwamba mnyama huyu, asiyezidi ukubwa wa sungura mnene, ni miongoni mwa jamaa wa karibu wa tembo katika nasaba za wanyama walio hai leo. Juu ya mawe hayohayo yuko mjusi kafiri, ambaye dume lake lina kichwa chekundu na mwili wa buluu, na jike ni la rangi ya udongo. Wataalamu wa viumbe wamempa mjusi huyo jina linalotokana na Mwanza yenyewe. Chama chenye miamba karibu na ofisi yake tayari kina nusu ya bustani ya wanyama bila kulipa kiingilio.

Mpango wa majuma sita

Mafunzo yapangwe kwa majuma 6. Shughuli moja isizidi dakika 15 au 20, kwa kuwa mtoto mdogo hawezi kukaa kitako kwa muda mrefu. Katika majuma yote mlezi atumie maswali matatu yaleyale: Mnyama huyu ana nini? Anakula nini? Anakaa wapi? Mtoto akiyazoea, atayauliza mwenyewe mbele ya kila kiumbe.

Juma la kwanza liwe la wanyama wa nyumbani. Mzazi mmoja alete mbuzi, mwingine kuku. Watoto wahesabu miguu, waguse manyoya na unyoya, wasikilize sauti, watazame anachokula. Baada ya kugusa, kila mtoto anawe mikono kwa sabuni, bila kuachwa hata mmoja.

Juma la pili liwe la wanyama wa mawe na wa ziwa. Watoto watembezwe asubuhi hadi kwenye mawe, wakae kimya, wahesabu pimbi. Ukimya huo ni somo lenyewe, maana mtoto hugundua kwamba akipiga kelele haoni kitu. Vijiji vya ufukweni viongeze kenge, kobe, na samaki kama sato na sangara walioletwa na wavuvi.

Juma la tatu liwe la wanyama wa porini, kama vile simba, pundamilia, twiga na tembo. Hapa picha, ngano na vitendawili vina nafasi yake. Ukubwa usemwe kwa vipimo ambavyo mtoto anavielewa. Twiga dume aliyekomaa hufikia urefu wa mita 5 na zaidi. Mlezi anyooshe kamba ya mita 5 chini, kisha watoto walale kwa kufuatana, kichwa kwa miguu, wahesabu ni wangapi wanaoimaliza. Watoto hawataisahau hesabu hiyo.

Juma la nne liwe la kujenga bustani ya wanyama ya udongo. Watoto wafinyange wanyama, wajenge nyua kwa mabua ya mtama au ya mahindi, waweke manyoya ya kondoo kwa pamba. Mlezi asiwapangie, bali awaulize: Simba akiwekwa zizi moja na swala itakuwaje? Nani atawapa maji? Kisha wagawane kazi. Mmoja akate tiketi, na punje za mahindi ziwe fedha. Mwingine awe mlishaji. Wengine wawe wageni. Kesho yake wabadilishane, ili asiwepo mtoto ambaye kila siku ni mwenyekiti na mwingine ambaye kila siku ni mfagiaji. Huo ni ushirika mdogo, na baadhi ya wakubwa wangeweza kwenda kujifunza hapo.

Juma la tano liwe la safari, kama ipo. Juma la sita liwe la kusimulia. Kila mtoto aeleze jambo moja aliloliona mwenyewe, alichore mchangani au alifinyange. Siku ya mwisho wazazi waalikwe, na watoto wawe ndio waelezaji.

Yafaa isisitizwe kwamba chama kisicho na nauli kisione haya. Majuma manne ya kwanza na la sita yanatosha kumpa mtoto elimu kamili. Lakini safari bila majuma yaliyoitangulia ni fedha iliyotupwa majini.

Mambo mawili yakatazwe kabisa. La kwanza ni kukamata tumbili, kobe au mnyama mwingine wa porini ili afugwe kituoni. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu jambo hilo bila kibali, na mnyama wa namna hiyo huweza kuuma na kuleta maradhi. La pili ni kuwatisha watoto kwa wanyama, kama vile kusema, "Usiponyamaza fisi atakuja." Mtoto aliyefundishwa hofu hatazami, hufumba macho.

Safari ya Saanane

Kisiwa cha Saanane kiko karibu kabisa na mji wa Mwanza. Kilipewa jina la Mzee Saanane Chawandi, aliyeishi hapo akivua na kulima kabla hajahamishwa kwa fidia. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini kumilikiwa na Serikali, ili wananchi wa Kanda ya Ziwa wapate kuwaona na kuwajua wanyama wa nchi yao. Baadhi ya wanyama waliotunzwa hapo walipelekwa baadaye kisiwa cha Rubondo. Mwaka 1991 Saanane ilifanywa pori la akiba, na mwaka 2013 ikawa hifadhi ya taifa, iliyo ndogo kuliko zote nchini. Swala, tumbili, pimbi, kenge na mijusi wa mawe huonekana humo. Kuhusu wanyama wengine, katibu aulize ofisi ya hifadhi kabla ya safari, ili watoto wasiahidiwe mnyama ambaye hawatamkuta. Tena, wakiambiwa habari za simba, waambiwe pia kwamba simba hulala sehemu kubwa ya mchana. Mtoto aliyetayarishwa humwona simba aliyelala akauliza amelala kwa nini. Asiyetayarishwa hulia kwamba simba ni mbovu.

Jambo zito katika safari hii ni maji. Wananchi wa kanda hii hawahitaji kukumbushwa tarehe 21 Mei 1996, ilipozama meli ya MV Bukoba karibu na Mwanza na kuwapoteza mamia ya watu, wala tarehe 20 Septemba 2018, kilipopinduka kivuko cha MV Nyerere karibu na Ukara na watu zaidi ya 200 wakafa. Vyombo hivyo vyote viwili vilikuwa vimepakia kupita kiasi. Kwa hiyo chama kishike masharti yafuatayo bila kuyalegeza.

Mosi, kila mzazi atoe idhini yake kwa maandishi, na asiyejua kuandika aweke dole gumba mbele ya shahidi. Pili, kila watoto 5 wawe na mtu mzima mmoja anayewajua kwa majina; watoto 40 wahitaji watu wazima 8, bila kumhesabu dereva wala nahodha. Tatu, mtoto asipande boti kabla hajavikwa jaketi la kuokolea maisha linalolingana na mwili wake. Jaketi la mtu mzima humponyoka mtoto. Katibu aulize mapema kama ya watoto yapo na ni mangapi, na idadi hiyo ndiyo itakayoamua watoto wangapi wavuke kwa mara moja. Nne, watoto wahesabiwe wanapopanda, wanaposhuka, na kila wanapohama mahali. Tano, ziwa likichafuka safari iahirishwe, hata kama nauli imekwisha kulipwa. Nauli hutafutwa tena.

Fedha na kumbukumbu

Vyama vingi havikushindwa kwa kukosa fedha, bali kwa kukosa kumbukumbu. Shughuli ya watoto isionekane kuwa ndogo hata ikaachwa bila maandishi. Kituo chenyewe kiwe kimesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, na Afisa Ustawi wa Jamii akijue. Gharama za mafunzo ziingizwe katika makisio ya mwaka, zipitishwe na Mkutano Mkuu, na uamuzi uandikwe katika muhtasari. Nauli, ada za kiingilio, boti, chakula na maji ya kunywa viandikwe kila kimoja mbali. Kila malipo yawe na vocha na stakabadhi, yakaingizwe katika daftari la fedha siku ileile, si baada ya juma moja. Salio lirudishwe, hata likiwa dogo.

Baada ya safari mlezi aandike taarifa ya ukurasa mmoja yenye mambo matatu: idadi ya watoto waliokwenda na waliorudi, fedha iliyotumika, na mambo ambayo watoto wameyajua ambayo hawakuyajua kabla. Taarifa hiyo isomwe mbele ya wanachama. Mwanachama aliyesikia mtoto wa jirani ameeleza jambo la maana haulizi fedha ilikwenda wapi.

Swali la tembo

Limebaki swali la kwanza la mzee yule, nalo ni gumu zaidi. Si haki kumwambia mkulima aliyelala njaa kwamba tembo ni fahari ya taifa, kisha kumwacha hapo. Lakini pia si kweli kwamba mafunzo ya wanyama ni mafunzo ya kuwapenda tu. Ni mafunzo ya kuwajua. Mtoto wa kijiji kilicho jirani na hifadhi anahitaji kumjua tembo kuliko mtoto wa mjini. Ajue kwamba tembo jike hubeba mimba kwa karibu miezi 22, kwa hiyo humlinda mtoto wake kwa ukali, wala hasogelewi. Ajue kwamba tembo hunusa mbali sana, na kwamba huchukia harufu ya pilipili na mlio wa nyuki. Ndiyo maana wakulima wengine huzungushia shamba kamba zenye vitambaa vilivyopakwa pilipili na oili chafu, au hutundika mizinga. Elimu hiyo huokoa shamba, na pengine huokoa maisha.

Katibu naye ana wajibu wake. Serikali imeweka utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori, na kifuta machozi kwa aliyefiwa au kujeruhiwa. Malipo hayo hayalingani na hasara, na huweza kuchelewa, lakini asiyetoa taarifa mapema hapati hata hayo. Wanachama wengi hawatoi taarifa kwa sababu hawajui waanzie wapi. Katibu amsaidie mwanachama kufika kwa viongozi wa kijiji na Afisa Wanyamapori ili shamba likaguliwe na hasara iandikwe. Chama kitakachowapeleka watoto kuwaona wanyama kikamwacha mzee apambane peke yake na tembo kitakuwa kimefanya nusu ya kazi.

Mkutano ule uliotajwa mwanzoni ulikubali ombi la mlezi kwa sharti kwamba mafunzo yatangulie safari. Ikaamuliwa pia kwamba mzee yule aombwe kuja kituoni katika juma la tatu, awaeleze watoto habari za tembo kama alivyomwona yeye. Alikuja akiwa na fimbo yake. Hakusema mengi. Alichora mchangani alama ya unyayo wa tembo, kwa ukubwa uleule alioukuta shambani mwake, akawaambia watoto wasimame ndani yake. Waliingia watatu, na wa nne akakosa nafasi ya mguu mmoja. Kisha akawaonyesha jinsi alivyofunga kamba ya pilipili, na kwa nini haifungwi chini chini.

Katika siku ya wazazi, watoto walipoionyesha bustani yao ya udongo, kila mnyama alikuwa na uzio wa mabua, isipokuwa mmoja. Kumzunguka tembo walikuwa wamefunga kamba, wakaning'iniza juu yake vipande vidogo vya kitambaa chekundu. Mzazi mmoja alipouliza ni mapambo ya nini, mtoto wa miaka 5 alimjibu: "Si mapambo. Ni pilipili. Shamba la babu liko upande huu."

Mtoto huyo alitazama, akakumbuka, akasema alichokiona. Siku atakaposimama mbele ya mizani ya chama chake, atafanya vivyo hivyo.

Ushirika ni nguvu.